Koti la Biharusi Si Zawadi, Ni Haki Yake



Leo sina maneno ya singo wala ya rangi za ukumbi. Leo nina ugomvi, na nautaja tangu mwanzo ili asiyeutaka aende zake mapema: tunawapeleka watoto wetu wa kike kwenye theluji bila ya koti, bila ya buti, bila ya neno hata moja la kuwaelekeza, halafu wakilia tunawaambia wasubiri. Uzembe wetu tumeupaka hina tukauita subira.

Habari yenyewe mnaijua. Kijana yuko Marekani au Canada, anasoma shahada ya pili au ya uzamivu. Likizo ya Disemba anakuja, ndoa inafungwa, fungate inaliwa Nungwi, kijana anarudi kuwahi muhula unaoanza Januari. Biharusi ama anaongozana naye ama anafuata wiki chache baadaye viza ikitoka. Yaani tunamtoa mtoto katikati ya kaskazi, jua linapasua ukuta, tunakwenda kumtua Minneapolis au Madison au Buffalo katika mwezi ule ule ambao huko ndio wa baridi kuliko yote. Hata tungeitisha kikao cha ukoo kutafuta wakati mbaya, tusingepata mbaya zaidi ya huo.

Na begi lake je? Ndege inampa mabegi mawili ya kilo 23. Kafungashiwa madera dazeni nzima, doti za kanga ambazo kila shangazi kaleta yake, buibui nne za Dubai, udi, ubani, chetezo, vikuba, mafuta ya nazi, na sambusa za nyama zilizogandishwa ambazo, nawaambia kabisa, zitaishia kwenye pipa la taka la uwanja wa ndege, maana forodha ya Marekani haichezi na nyama. Koti hamna. Ukiuliza koti liko wapi unajibiwa kwa wepesi wa ajabu: "Atanunua huko huko."

Hebu tuikae hii "atanunua huko huko", maana ndiyo mama wa matatizo yote.

Atanunua kwa pesa gani? Mke wa mwanafunzi aliyeingia Marekani kwa viza ya F-2 haruhusiwi kufanya kazi. Haruhusiwi kabisa, hata ya saa mbili kwa wiki. Wa viza ya J-2 anaweza kuomba kibali cha kazi, lakini kibali huombwa, husubiriwa, na baridi haisubiri. Kwa hiyo mtoto wetu, aliyekuwa akiuza vitambaa vyake hapa au akisomesha skuli na kujinunulia analotaka, siku ya kwanza huko anakuwa mtu wa kunyoosha mkono kwa senti moja. Na atakwenda dukani vipi? Duka la makoti liko nusu saa kwa basi. Ili aende kununua koti anahitaji koti la kwendea. Wanaocheka hapa hawajawahi kusimama kituoni wakingoja basi la saa mbili asubuhi mwezi wa Januari.

Halafu liko hili la nyuzi. Mama yuko Mwembetanga anafungua simu, anaandika jina la mji wa mwanawe, simu inamwambia 30. Anafurahi: "Alhamdulillah, 30, kama hapa petu." Mama, hiyo 30 ni ya Fahrenheit! Wamarekani wanapima joto kwa kipimo chao. Kwa kipimo chetu hiyo ni nyuzi 1 chini ya sifuri, maji yanaganda kwenye ndoo. Na kwa miji hiyo, 30 mwezi wa Januari ni siku nzuri. Watu wanatembea vifua wazi wakisema hali ya hewa imetulia. Siku mbaya ni nyingine. Mwishoni mwa Januari 2019 baridi ya ncha ya dunia iliteremka hadi katikati ya Marekani. Minneapolis ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri kwa kipimo chetu, na ukichanganya na upepo mwili ulikuwa unahisi kama nyuzi 47 chini. Chuo Kikuu cha Minnesota kilifuta masomo, Chuo Kikuu cha Michigan kikafuta, na watu kadhaa katika majimbo yale walikufa kwa baridi, akiwemo mwanafunzi wa chuo aliyekutwa nje usiku. Mtu aliyezaliwa kule, mwenye koti, anayeijua theluji tangu anatambaa. Sasa mfikirie wa kwetu mwenye buibui la polyester na kobazi za dhahabu.

Watu wa hali ya hewa wana hesabu yao na inafaa kuijua kwa moyo. Baridi ya upepo ikifika kama nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Ikifika 40 chini, dakika kumi zinatosha, na pengine hazifiki. Vidole, ncha ya pua na masikio ndivyo vya mwanzo. Ngozi inapoteza hisia kabla hujajua, na kwa sisi weusi haiwi nyekundu kama wanavyoandika kwenye vipeperushi; inapauka, inakuwa kama ina jivu, ngumu ukiigusa. Na hapo ndipo mtoto wa watu, kwa kuwa hakuna aliyemwambia, anaipeleka miguu kwenye hita. Haihisi, kwa hiyo haijui kuwa inaungua. Jeraha linakuwa mawili. Kinachotakiwa ni maji ya uvuguvugu, yasiyo moto, bila kusugua, na hospitali. Dakika mbili tu za kueleza. Somo wake alikaa naye siku saba ndani na hili hakulisema.

Nitarudi kwa masomo. Kwanza niwamalize mabwana.

Kuna kauli imeenea kwamba mume akimnunulia mkewe koti la baridi kamfanyia hisani, kamdekeza, kama vile kamnunulia mkufu. Wengine wanasema waziwazi: "Mimi mahari nimetoa, begi nimetoa, sasa na koti tena?" Ndiyo bwana, na koti tena. Sisi watu wa visiwa hivi tunajinasibu na madhehebu ya Imamu Shafi, na hakuna msikiti wa mjini ambao haujapata kusomeshwa Minhaj ya Imamu Nawawi. Basi kifunguliwe mlango wa nafaka kisomwe. Imamu anataja mavazi ambayo ni wajibu wa mume kumpa mkewe: kanzu, suruali, ushungi na viatu. Kisha anaongeza kuwa wakati wa baridi linazidishwa juba. Na kwenye matandiko anataja lihafu, blanketi zito, kwa wakati wa baridi. Walioisherehesha Minhaj wakasema juba moja lisipotosha kwa ukali wa baridi, linaongezwa kwa kadiri ya haja. Mtu yule alikuwa wa Nawa, karibu na Damascus, amefariki mwaka 676 Hijria. Theluji alikuwa anaijua. Aliandika koti la mke kwenye kitabu cha sheria, mlango wa wajibu, karne saba na ushei kabla ya bwana harusi wetu kupata ufadhili wa masomo.

Kwa hiyo tukiliita koti zawadi tunamnyang'anya mwanamke haki yake halafu tunamrudishia kipande tukitaka ashukuru. Mkufu ni zawadi. Koti ni kama unga.

Na muangalie, katika orodha ile imo suruali. Nawaambia hili wale dada zetu wa kulaumu, wanaomwona biharusi kwenye picha amevaa suruali nzito chini ya juba na kofia ya sufi juu ya mtandio, wakaanza: "Ameshakuwa Mzungu huyo, wiki tatu tu." Suruali chini ya vazi refu ni vazi la wake wa Waislamu tangu zama. Kofia ya sufi juu ya ushungi haijavunja stara ya mtu. Imeongeza kifuniko juu ya kifuniko. Mmekosa la kusema?

Najua jibu linalokuja: mwanafunzi hana pesa. Ni kweli, wengi hawana. Posho ya chuo inakatwa kodi ya nyumba, bima na simu, kinachobaki ni cha kuhesabu. Lakini sheria ile ile imempima kila mtu kwa uwezo wake, mwenye nafasi kwa nafasi yake na mwenye dhiki kwa dhiki yake. Hakuna aliyesema koti la dola mia nne lenye nembo begani. Miji ya vyuo imejaa maduka ya nguo zilizotumika, na vyuo vingi vina mahali pa kuwagawia wanafunzi wageni makoti yaliyotolewa sadaka. Ila ubaya wa mambo, mabwana zetu wanaona haya kwenda kuchukua koti la sadaka kwa ajili ya mke, na hawaoni haya mke akitetemeka.

Na hata huko tusifike. Nendeni Darajani kwenye mitumba, au mkivuka Dar nendeni Karume. Marobota yanayotoka Ulaya na Marekani yanakuja na makoti mazito ya theluji, na wauzaji wanayalaani kwa sababu hayana mnunuzi. Nani avae koti la manyoya Mwanakwerekwe? Yanauzwa kwa bei ya bure, yananing'inia wiki kwa wiki mpaka yanaota vumbi. Makoti yanasafiri kutoka kwenye baridi yanakuja kwetu, biharusi anatoka kwetu anakwenda kwenye baridi, na wanapishana bandarini bila kuonana. Mkiwa na shughuli ya kuchangishana doti za kanga mpaka zifike arobaini, mnashindwa kuchangishana koti moja?

Sasa niwaambie kisa, simtaji mtu wala mji. Nimekaa majira manne ya baridi katika mji wa chuo na visa hivi ninavyo vingi, lakini hiki ndicho kinachoniwasha. Biharusi kafika Januari. Bwana ana koti moja, zuri tu, alilonunua mwaka wake wa kwanza. Siku ya kwanza uwanja wa ndege akamvisha mkewe, yeye akabaki na sweta. Uungwana huo, watu wakaupigia picha. Ikapita wiki, zikapita mbili, na koti likabaki moja. Bwana akienda darasani analivaa. Akirudi jioni, giza limeshaingia. Kwa hiyo bibi anatoka lini? Hatoki. Hakufungiwa na kufuli, hakukatazwa na mtu, bwana ni mpole na anaswali. Kafungwa na koti. Siku nilipomtembelea alikuwa na siku kumi na tisa hajakanyaga nje, na alipoulizwa na kwao kwa simu alikuwa anajibu, "Tumeshazoea, kuzuri." Mamaake akamsifu kwa subira.

Hilo ndilo lililo nyuma ya ugomvi wangu wote. Mwanamke asiye na koti kule ni mwanamke asiye na mlango. Hawezi kwenda darsa la wanawake msikitini. Hawezi kwenda darasa la Kiingereza la bure maktaba. Hawezi kwenda zahanati mwenyewe, na mabiharusi, mnajua, baada ya miezi miwili mitatu wanakuwa na sababu ya kwenda zahanati. Hawezi hata kwenda kwa jirani Msomali wa jengo la pili. Yuko ndani na dirisha lililofungwa kwa mpira, katika mji ambao mwezi wa Disemba jua linatua saa kumi na nusu jioni na mchana mzima haufiki saa tisa. Madaktari wanajua kuwa watu wengi huzama katika huzuni majira hayo hata waliozaliwa huko. Wanajua pia kuwa kwenye latitudo zile, kuanzia Novemba mpaka Februari, jua halimpi mtu vitamini D ya kutosha, na sisi tuna ngozi nyeusi na tunajistiri, kwa hiyo tumo hatarini zaidi. Mtoto anaanza kulala mchana, hana hamu ya kula, analia bila sababu. Huku nyumbani inatafutwa hasidi aliyemroga. Jamani, anunuliwe koti kwanza, na apimwe damu, halafu tutazungumza habari ya hasidi.

Tuje kwenye siku ya theluji yenyewe, ile ambayo mnaipenda kwenye picha.

Theluji ikianguka nyingi usiku, chuo kinatuma ujumbe alfajiri kuwa leo hakuna masomo. Ujumbe unakwenda kwenye simu ya mwanafunzi. Mke, ambaye si mwanafunzi, anajua pale bwana anapojigeuza upande wa pili akalala tena. Kwa wanafunzi ni sikukuu: wanateleza kwenye vilima juu ya trei za bwalo, wanatengeneza sanamu za theluji, wanapigana mabonge. Siku hizi baadhi ya vyuo, tangu Korona ilipofundisha watu kusomea kwenye kompyuta, havifuti tena masomo, vinayahamishia kwenye intaneti, na wanafunzi wananung'unika kama walioporwa Idi. Hilo la kwao. Wapo pia ambao ujumbe ule hauwahusu, wapishi wa mabwalo, wasafishaji, wauguzi, wanaosukuma theluji kwa koleo. Hao ni wafanyakazi wa lazima na wanakuja, na wengi wao ni wahamiaji kama sisi, baadhi yao ni wanawake wenye mitandio. Chuo kimefungwa lakini supu imepikwa na nani?

Nyumbani kwa wanandoa wetu siku hiyo ina sura yake. Ikifika saa nne simu inalia: "Shemeji, leo theluji, tunakuja." Vijana sita wa kutoka kwetu, makapera, wamekatikiwa na kazi, wanakuja kula biriani. Bibi anashika mwiko mpaka alasiri, ambayo huko Disemba inaingia karibu na saa nane mchana. Wakishashiba, hao wote nje kucheza theluji, na bwana na koti lake. Mke anaosha vyungu. Halafu kutoka Unguja inaingia sauti ya wifi: "Toka nje upige picha na wewe tuione hiyo theluji!" Anatoka na kanga na ndara, dakika mbili, anatabasamu, anarudi ndani vidole vinamuuma. Picha inapata mapenzi mia tatu. Kila mtu anaandika mashaAllah. Hakuna aliyeuliza mbona ana ndara.

Siku ya theluji kwake ilikuwa siku ya kazi. Na hatari ya kweli inakuja siku ya pili, ambayo haipigwi picha. Mchana theluji imeyeyuka kidogo, usiku maji yameganda tena, njia imekuwa kioo kisichoonekana. Wanamwaga chumvi, na chumvi inakula pindo la buibui linakuwa jeupe kama limepigwa chokaa. Pindo refu linakusanya maji ya theluji, likishaganda linakuwa gumu, linampiga kwenye vifundo, anajikwaa. Mwenye mimba ya miezi mitano akianguka kwenye barafu, mtamlaumu nani? Pindo la kutembelea theluji lipande juu ya kifundo, chini ni buti lenye soli ya meno, na hatua ziwe fupi fupi kama za bata. Hayo mashoga hayapunguzi haya ya mtu.

Wapo wanaosema kuogopa baridi ni udhaifu wa imani. Naomba hawa wajibu: bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, usiku wa baridi kali au mvua alikuwa akimwamuru mwadhini awatangazie watu waswali majumbani mwao. Hii imepokewa kwa Ibn Umar, imo Bukhari na Muslim. Yaani Madina ilikuwa na siku yake ya kufunga kwa ajili ya hali ya hewa, tena kwa sala ya jamaa, kabla chuo chochote cha Marekani hakijajengwa. Dini iliyowaruhusu wanaume wasije msikitini kwa baridi, ninyi mnaitumia kumwambia mwanamke avumilie bila soksi?

Wanaleta na ile fadhila ya kutimiza udhu wakati wa taabu. Ipo, na ni kubwa. Lakini taabu ni maji ya baridi yanayokushtua. Madhara ni jambo jingine na sheria imeyatenga. Amr ibn al-As aliamka na janaba katika usiku wa baridi kali akiwa safarini, akaogopa kuoga kutamwangamiza, akatayamamu akawaswalisha wenzake. Alipoulizwa na Mtume alieleza kuwa alikumbuka aya ya Suratun Nisaa inayokataza watu kujiua. Mtume akacheka na hakumkemea. Masheikh wetu wa Kishafi wana maelezo yao kuhusu kuirudia sala ile, kwa hiyo asiyejua aulize. Ninachotaka mshike ni kuwa swahaba aliihofia baridi na hakuitwa dhaifu.

Na kwa kila siku ipo khofu, ambayo huku kwetu tumeisoma chuoni kama hadithi za mbali kwa sababu hakuna aliyeihitaji. Biharusi wa theluji anaihitaji kuliko anavyohitaji piko. Kiatu au soksi ya ngozi inayofunika vifundo, ukiivaa ukiwa na udhu kamili, basi kwa mkazi mchana na usiku wake unapangusa juu yake kwa mkono uliolowa, huna haja ya kuvua. Umeepuka kuinua mguu kwenye sinki la choo cha chuo mbele ya watu wanaoshangaa, umeepuka kutoka nje na vidole vilivyolowa. Wengi huvaa khofu za ngozi nyembamba ndani ya buti, ili wakivua buti msikitini khofu zibaki. Soksi za kitambaa zina hitilafu baina ya madhehebu na sitaingia humo. Ramadhani nayo ndiyo inasogea kuingia kwenye kipindi hicho. Miaka hii iko Februari, na kufikia 2029 inaanza katikati ya Januari. Tarawehe kwenye theluji, mashoga. Jiandaeni.

Sasa masomo na makungwi wetu, na nawaheshimu, nimelelewa na mikono yenu. Mnajua kumfundisha mtoto kujifukiza, kutandika, kuzungumza na mkwe, na yale mengine ambayo hayaandikwi. Lakini dunia ya mwari imebadilika na mafunzo yamebaki Mchangani. Mnampakia chetezo na mkaa wa udi mkamwambia asiache kufukiza kila Alkhamisi. Mwambieni pia kuwa nyumba za kule zimezibwa, hewa haipiti, na mkaa unaowaka ndani unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Februari 2021 Texas, ambako hawakuizoea theluji, umeme ulikatika kwa siku kadhaa na vyuo vikafungwa. Watu wakawasha mkaa na majiko ya nje ndani ya nyumba ili wapate joto, na wapo waliokufa hivyo, katika vifo 246 ambavyo jimbo lenyewe liliviorodhesha. Udi upo wa umeme, unatosha. Mkaa wa kuota moto ndani ya nyumba ile, hata siku moja. Na dhoruba ikitangazwa, mtu asitoke nyumbani hata kwa ndoa ya nani: Buffalo, Krismasi ya 2022, walikufa zaidi ya watu 40, wengine ndani ya magari yao yaliyonasa.

Mwambieni pamba si rafiki kwenye baridi. Kanga tunaipenda, lakini ikilowa jasho au theluji inakaa na maji na kukutoa joto mwilini. Karibu na ngozi avae sufi au nguo za ndani za baridi, juu yake sweta, juu kabisa koti lisilopitisha upepo, refu mpaka magotini ikiwezekana, maana hilo linamstiri na kumpasha joto kwa mpigo mmoja. Bangili za dhahabu avue akitoka. Chuma kinashika baridi. Glavu za kuunganisha vidole vinne zina joto kuliko za kila kidole peke yake. Hina yake itakaa humo ndani salama, bwana ataiona wakirudi.

Na ninyi kina mama, kazi yenu inaanza kabla ya yote hayo. Inaanza siku ya posa. Mnauliza kijana anasoma nini, ana nyumba, familia yake ni ya nani, jina la babu lilikuwa nani. Ulizeni na haya: nyumba yenu ina joto la aina gani na bili analipa nani? Kutoka mlangoni mpaka kituo cha basi ni dakika ngapi? Viza atakayoingilia inamruhusu kazi? Koti na buti za mtoto wetu zitakuwa tayari siku atakayotua, au mnataka tuzipeleke sisi? Mshenga atacheka, ataona mmekuwa watu wa ajabu. Mwacheni acheke, na muulize tena. Jibu likiwa "tutaona", begi lifunguliwe, yatolewe madera sita, na mtu atumwe Darajani kabla jua halijatua.